Kisanduku Ulichonitumia Nimekirudisha

Kwako mwanangu wa kwanza,

Naanza kwa kukusalimu, maana hata mwenye hasira husalimu. Mimi sijambo, nakula, nalala, na cherehani inazunguka. Natumaini nawe u mzima, mkeo mzima, na wajukuu zangu wanakuchosha inavyotakiwa. Mwandiko wangu usikushangaze. Shule niliiacha mapema na kalamu naishika kama mkasi. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu unanikatiza. Barua haikatizwi.

Kile kisanduku cha muziki ulichonitumia nimekirudisha dukani. Usiinuke kitini. Nimekirudisha na waya wake na boksi lake, nikachukua kingine. Soma mpaka mwisho ndipo unune.

Najua kwa nini ulinitumia. Ulipokuja kuziingiza santuri za marehemu baba yako kwenye kompyuta, ulisema kompyuta ikichomekwa moja kwa moja kwenye ampli yake, ile mashine ya kukuza sauti, inatoa sauti ya mbu. Ukanieleza kwamba muziki ndani ya kompyuta ni namba tupu, na ampli haijui kusoma namba, kwa hiyo lazima awepo mkalimani katikati, yaani kisanduku hicho, wa kuzigeuza namba kuwa sauti. Nilikuelewa mara ya kwanza, hukuwa na haja ya kurudia mara tatu. Lakini siku hiyo hiyo, umesimama mlangoni na funguo mkononi, ulisema na jambo jingine: kwamba siku kiungo changu chochote kitakapogoma, utakuja na lori, spika za baba yako zitauzwa, na mimi nitahamia chumba cha nyuma kwako. Ulisema kwa upendo. Mimi nilisikia lori tu.

Basi kisanduku kilipofika nilikichomeka mwenyewe. Nikaketi kati ya zile spika mbili, nikaweka wimbo ule ambao gita linatokea kushoto na saksafoni kulia. Baba yako alikuwa akilifuata gita hilo kwa mluzi huku akininyooshea mapindo ya suruali kwa pasi. Saksafoni ikaja safi. Gita likawa kama linapigwa kwa jirani, tena jirani aliyefunga dirisha. Nikachomoa, nikachomeka, nikapuliza vumbi, nikaipiga spika kofi. Wapi. Nikasema hii ni kazi ya mkeo huyo, kupenda vya bei ya kutupa, ameokota bandia. Ndiyo, nilimsema, na kwa dada yako nikamsema tena. Utampa pole kwa niaba yangu, lakini usimpe nyingi, maana tabia hiyo anayo.

Nikakibeba mpaka dukani ulikokiagiza. Muuzaji ni mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, wanamwita Mama Spika, na jina halikukosea. Nilimwambia mimi ni fundi nguo. Mteja akinirudishia shati lenye mkono mmoja, simwambii avae hivyo hivyo. Akanijibu kwamba yeye hajauza mkono mmoja tangu azaliwe, na niketi niache kumfukuzia wateja. Tukapatana papo hapo, maana wote wawili hatuna adabu.

Akanivalisha hedifoni, zile za kufunika masikio yote, akanijaribishia visanduku vitatu. Cha kwanza kilikuwa chako, na kushoto kimya kabisa. Cha pili kidogo kama kiberiti, nacho kushoto kimya. Cha tatu kina taa za bluu na rimoti, nikamwambia sikuja kusikiliza taa. Alikuwa akinisomea namba za kwenye boksi, nikamwambia aache, hata kitambaa hakinunuliwi kwa kusomewa lebo, kinashikwa. Hicho cha tatu nacho kushoto kimya. Hapo nikamwita tapeli mbele ya wateja wake. Nikasema duka zima linauza nusu kwa bei ya nzima.

Alizunguka meza, akanitazama usoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo nadhani haitumii mara nyingi, “Mama, zigeuze. Ya kulia ivae kushoto.”

Nikazigeuza. Gita likaja. Likaja lote, uzi kwa uzi, karibu na shavu langu. Saksafoni ikapotea.

Mwanangu, visanduku vyote vitatu vilikuwa vizima. Sikio langu la kushoto ndilo limekufa.

Siku ile niliondoka bila kununua kitu na bila kuaga. Nikaenda kwa daktari wa masikio. Akachungulia, akapima, akasema mshipa wa fahamu umekufa na hauna dawa, ila sikio la kulia ni zima kama la msichana. Nikamuuliza kama sikio ndilo linaloshona. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ndilo linalozima jiko na kufunga mlango. Akasema hapana mama, lakini ukivuka barabara geuza kichwa. Basi siku hizi navuka kama kuku, naangalia huku, naangalia kule, naangalia tena, na madereva wananisubiri. Ningeweza kukuficha haya yote. Lakini kuficha ni kazi ya mwoga, nami sikuogopi, nilikuzaa mwenyewe.

Nilirudi kwa Mama Spika, nikamuuliza kama yupo mkalimani wa kuchukua ya kushoto na ya kulia akayasema yote kwa pamoja. Akashika kichwa. Akasema hiyo ni dhambi, wenye masikio wanatoa fedha ili pande mbili zitengane, mimi nataka kuzifunga kamba moja. Nikamwambia wenye masikio ni wao, mimi nina sikio. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kile chako, pamoja na uzuri wake wote, hakiwezi kazi hiyo. Akatoa kingine rafu ya chini kabisa, cha chuma, kizito kama pasi, kibaya sura, kina swichi mbele. Ikiwa juu, pande mbili. Ikiwa chini, kila kitu pamoja. Nimeishusha na kuibandika plasta, asije mgeni mwenye elimu akaipandisha. Gita limerudi. Gita na saksafoni wanasukumana kidogo kama watu wawili wanaopita mlango mmoja, lakini wote wamo ndani.

Sasa kiungo kimegoma, nami sihami. Chumba chako ni kizuri, nimekiona, lakini humo kazi yangu itakuwa kuulizwa kama nimekula. Hapa nina sare za shule nzima za kukata, na wateja wananililia mlangoni. Lori lirudishe ulikolikodi. Spika haziuzwi nikiwa na sikio hata moja.

Nisalimie mkeo, umwambie boksi lake halikuwa bandia. Wabusu wajukuu. Dada yako mwambie mwenyewe, mimi nimechoka kuandika.

Njoo unione. Ukija kwa mazungumzo, keti kulia kwangu, nitakusikia hata ukinong'ona. Ukija na habari za kuhama, kiti chako nimekiweka kushoto. Keti hapo, useme mpaka uchoke.

Mimi niliyekuzaa,
Mama yako, fundi nguo