Nyundo Moja kwa Kila Mtu

Jumanne jioni, Nyangoto

Fomu ya mkutano wa tiba ya vikundi inatakiwa kesho, na nimekwama kwenye swali moja dogo: "Kikao chako kinahitaji vifaa gani?"

Wauguzi wenzangu wataandika projekta. Mimi nahitaji nyundo na mawe.

Mwanzoni niliwapanga wajane wa wachimbaji wa hapa kwenye viti, mikono mitupu, kama nilivyofundishwa chuoni. Walinitazama tu. Kisha siku moja mmoja wao, Bhoke, akaja na nyundo na mawe anayoponda kutafuta dhahabu, na huku akigonga, macho chini, akamtaja mumewe aliyefukiwa kwenye shimo la mgodi. Wiki iliyofuata wote walikuja na nyundo na mawe. Wote wakasema.

Kwa nini? Mikono ndiyo inayofungua mdomo? Au kelele za nyundo zinaficha sauti inapotetemeka? Natamani sana kujua.

Leo nimemwomba Bhoke ruhusa ya kukisimulia kisa chake mkutanoni, nikakiri kwamba naogopa madaktari watanicheka.

"Nesi, jina langu usiwapelekee," alisema. "Ila hao madaktari wape nyundo. Kwani wao hawajazika?"

Nimejaza: nyundo thelathini, moja kwa kila mshiriki.

Halafu nimefuta, nikaandika thelathini na moja. Na mimi nitaketi nao, nigonge, nimtaje niliyemzika.