Kaka Amekataa Kujibu Posa Yangu kwa Sababu ya Anthropolojia

Mpendwa Mama Gertruda, shikamoo, naomba unisaidie maana hapa nyumbani Liuli, kando ya ziwa, kila mtu ananishauri lake na wote wananichanganya.

Naitwa Ottilia, na kaka yangu Hamphrey mwaka jana alikwenda chuo kikuu Dar es Salaam kusoma kitu kinaitwa anthropolojia, sisi tukidhani ni aina ya udaktari, mama akawatangazia hadi watu wa kanisani, kumbe aliporudi likizo akatueleza kwamba ni elimu ya kumchunguza binadamu, anavyooa, anavyokula, anavyozika na anavyomwita mjomba wake, na kwamba mtafiti anakaa na watu, anaishi kama wao na kuwatazama bila kuwahukumu. Baba mdogo Erasmo akamuuliza, "Sasa miaka yote uliyoishi hapa ulikuwa unafanya nini?" Akajibu, "Nilikuwa naishi tu, baba, bila mbinu."

Tulicheka, Mama, lakini kicheko kiliisha siku wazee wa mchumba wangu Isidori waliposhuka kutoka Mbinga kuleta posa, na kwa kuwa baba yetu ni marehemu, baba mdogo alimpa Hamphrey heshima ya kutoa jibu la ukoo, basi mshenga wao, mzee Tadei, akaongea vizuri kabisa, akamalizia, "Je, wenzetu mmetupokea?" na kaka yangu, amevaa koti la mtumba kwenye joto lote lile la ziwani, akasema, "Mimi niko hapa kama mtafiti, sipaswi kuingilia jamii ninayoichunguza."

Baba mdogo akamkanyaga mguu, wapi, kaka akamgeukia mzee Tadei akamuuliza kama kwao Wamatengo upande wa binti ukinyamaza maana yake umekubali au umekataa. Mzee akasema, "Maana yake tunaondoka." Wakasimama wote, samaki wangu mbasa niliyemkaanga kwa mapenzi hawakumgusa, na Isidori akawafuata bila hata kunitazama. Nikakimbilia jikoni kulia, Hamphrey naye huyo nyuma, akachuchumaa kando ya mafiga, akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, unalia kwa huzuni, au ndivyo mila inavyomtaka binti?" Nikampiga mwiko mmoja.

Sasa Isidori ametuma salamu kwamba wazee wake wako tayari kuzungumza tena ila kaka asiwepo, mama anasema bila mtoto wa kiume wa nyumba hii ni aibu, na Hamphrey ananiomba nisipatane nao haraka kwa sababu ugomvi wa koo mbili ndio aliouchagua kuuandikia chuoni. Nimwache mchumba au nimkane kaka?

Ottilia, Liuli

Mama Gertruda anajibu:

Marahaba, Ottilia. Pole kwa yote, isipokuwa kwa mwiko. Hapo nakusifu kwa kuacha baada ya pigo moja.

Usiitukane anthropolojia. Ni elimu nzuri, inamfundisha mtu kwamba kila kaya, iwe ya hapo Liuli au ya Ulaya, ina sababu za kufanya inavyofanya, na anayetaka kuzijua akae chini asikilize. Kaka yako amesoma mwaka mmoja tu, akadhani amemaliza. Mgeni anaweza kukaa pembeni akatazama; mtoto wa nyumbani hana pembeni. Na kukuomba uendelee kuumia ili yeye apate la kuandika ni ubinafsi, hauna jina jingine la kitaalamu.

Lakini na wewe nakugombeza. Unauliza umwache nani, wakati hakuna aliyekuambia umwache mtu! Na huyo Isidori aliyeondoka bila kukutazama, mbona humlaumu? Angeshindwa nini kugeuka mlangoni? Muulize uso kwa uso, upime jibu lake kabla hujaolewa.

Sasa, msisubiri wazee washuke tena. Waliokosa ni ninyi, basi ninyi ndio mpande Mbinga. Aende baba mdogo, aende mama, na Hamphrey aende, bila koti na bila swali hata moja. Awaamkie wazee, aombe radhi, kisha aseme "Tumewapokea" na kufunga mdomo. Wakimwambia akae nje, akae nje mpaka aitwe. Akigoma kwenda, baba mdogo ajibu posa mwenyewe na mambo yaendelee.

Mwende wiki hii hii. Kahawa ya huko imeanza kuiva, na siku hizi wanunuzi binafsi wanavyoigombania, Mbinga yote ikishaingia shambani hamtapata hata mzee mmoja wa kumwomba radhi.