Spika Zilizompa Mgeni Mgongo

Ihanja, Singida

Mke wangu Mama Yohana,

Salamu kutoka Ihanja, nilikoletwa na spika zangu za mikutano. Mimi mzima, ila meno yamebaki ya kuchekea tu. Goti lako limepoa? Na yule jogoo mwenye kiburi kama mimi, hujamchinja bado?

Barua yako nimeipata. Kumbe na huko Kinyangiri mnaitwa mkutano wa kijiji cha ujamaa, na wewe unaogopa kusimama useme. Basi sikia ya huku.

Juzi lilisimamishwa hema kubwa la turubai, watu wajadili kisima kichimbwe wapi. Nikafunga spika mbele, zitazame watu. Mwenyekiti wa kijiji akanijia juu: "Mzee Mkumbo, spika zinampa mgeni wa wilaya mgongo! Kwenu Iramba ndiyo adabu?"

"Ndugu Mwenyekiti, spika haina matako."

Hakucheka. Tukazigeuza zimtazame mgeni, na maikrofoni ikawa pale pale mbele yake.

Akasimama Bi Sita, mjane mwenye kisauti cha kifaranga. Alitaka kusema kwamba pale wakubwa walipochagua kisima kichimbwe, maji ni ya chumvi, hata ng'ombe wake huyakataa. Kufungua mdomo tu, spika, kwa kuwa zilitazamana na maikrofoni, zikapiga yowe kama fisi aliyekanyagwa mkia. Akarudia, yowe. Watu wakaziba masikio, turubai nalo linapigwa na upepo, papapapa. Akaketi.

"Basi, tumekubaliana," akasema Mwenyekiti.

Roho ikaniuma. Nikamwendea mgeni mwenyewe: "Mwanangu, hamia kule nyuma kwa akina mama. Spika zitakutazama, na heshima yako itabaki." Akacheka, akabeba kiti chake. Nikageuza spika, tukakaza kamba za turubai, nikamrudisha Bi Sita. Hema zima likamsikia: "Sibishani. Njooni muonje."

Wakaenda, wakaonja, wakatema. Mgeni naye akatema. Kisima kimehamishwa.

Tangu hapo nawaza. Sauti ya Bi Sita ilikuwa ile ile mara zote. Kilichohama ni kiti cha mkubwa.

Kaka yako mchunga mbuzi umsalimie, na binti yetu anayefundisha kisomo. Aone herufi zangu zilivyonyooka. Mama mkwe mpe shikamoo yangu kwa kelele, maana hujifanya hasikii.

Nawe mkutanoni simama. Wakileta spika, tazama kwanza mkubwa kakaa wapi. Wasipoleta, tumia ile uliyokuwa ukiniitia ugali kutoka ng'ambo ya korongo. Haijawahi kuhitaji betri.

Mumeo mkorofi,
Mkumbo