Baba Mukiri, Gitaa Lako Limerudi Ruiri

Mwaka mzima umepita, Kirimi wetu, tangu tukulaze kando ya shamba lako la viazi. Nyumba bado inakutafuta.

Hukukata ukucha wa kidole gumba cha kulia, hata wakati wa kuvuna. Uliufunga kitambaa cha sweta kuukuu ili jembe lisiuvunje, kisha jioni ukanawa, ukakifungua, ukalishusha gitaa ukutani. Mwanafunzi aliyekuja na kitu ulimfundisha. Aliyekuja mikono mitupu ulimfundisha pia, kisha ukampa viazi aende navyo.

Ulifundishia kwenye benchi la nje ya jikoni, mkeo Celina akichambua maharagwe hapo hapo karibu. Ndiyo maana somo la kodi ya saba, fungu la noti zinazopigwa pamoja ambalo wenye vitabu huliita dominanti, analijua kama Baba Yetu. Kanisani, ulikuwa ukisema, kodi ya saba ni mtu amesimama mlangoni na mzigo kichwani. Lazima aingie autue. Kwenye jazi huyo mwenye mzigo humsukuma mwenzake wa mlango wa pili, naye wa tatu, mpaka mmoja afike. Lakini kwenye muziki wa bluzi hata mwenye nyumba, yaani kodi ya kwanza, amebeba. Kodi zote tatu, hiyo na ya nne na ya tano, ni za saba, na hakuna anayetua.

"Basi usikimbie ovyo," uliwaambia wanafunzi. "Shika noti mbili zinazoitambulisha kodi, ya tatu na ya saba. Kodi ikihamia ya nne, vidole viwili virudi nyuma freti moja, hatua moja ya shingo ya gitaa. Ikiwa ya tano, vipande mbele freti moja kutoka pale nyumbani. Hayo mengine ni maua tu."

Kailemia wa Muthara naye ulimkalisha kwenye benchi hilo. Alishika skeli moja, ngazi moja ya noti, akawa anaipanda na kuishuka juu ya kodi zote, kama fundi anayepaka rangi ukuta na dirisha pamoja.

"Kailemia, kodi imehama, wewe umebaki," ulimwambia.

"Mzee, watu wanacheza tu. Nani anasikia?"

Siku ya mazishi, udongo haujakauka, aliingia akalitoa gitaa lako ukutani. "Mama, hapa nani atalipiga? Kuku? Siku mkipata wa kulipiga kama mzee, nitalirudisha mimi mwenyewe, mbele ya watu." Wengine walicheka, kwenye mazishi yako. Celina alimpakulia chakula, naye Kailemia akala, akaenda zake na gitaa. Tangu hapo amezunguka harusini akisema yeye ndiye aliyekuonyesha wewe bluzi.

Mkeo hakupiga kelele. Aliazima gitaa la kanisa, akamwita mjukuu wenu Ntinyari, yule wa duka la dawa za mimea. Kila Jumapili baada ya ibada, benchi lile lile. Celina hawezi kubana hata kamba moja, lakini masikio anayo. "Hapana. Hiyo ya tatu umeikosa. Babu yako angekohoa. Rudia." Ntinyari alilia siku nyingine. Alirudia.

Ikaja harambee ya paa la kanisa, Kailemia akiwa mpigaji gitaa na bendi yake nyuma. Unajua desturi yetu, anayetoa kuku ana haki ya kuomba wimbo. Celina alienda na majogoo wawili. Kwa wa kwanza aliomba bluzi ya marehemu. Kailemia akaipiga kwa ufunguo wa E aliouzoea, akashangiliwa. Celina akainua wa pili.

"Sasa aipige kwa ufunguo wa B-flati. Na mjukuu wangu amjibu."

"Mama, wewe B-flati umeijulia wapi?"

"Kwenye maharagwe, mwanangu. Piga."

Hapo zile kamba za wazi, zinazopigwa bila kubanwa, alizozitegemea kwenye E, zikamtupa. Bendi ikahamia kodi ya nne, skeli yake ikabaki inagongana nayo. Akajifanya anakaza kamba. Mama mmoja wa sokoni akapaza sauti, "Kailemia, harakisha, wenzako wameshafika!" Watu wakavunjika mbavu. Kisha Ntinyari, na gitaa la kanisa mkononi, akasubiri kodi ihame, akarudisha vidole viwili freti moja, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa kwake. Ya tano ilipokuja akapanda. Wazee waliokusikia ujanani wakainuka kwenye viti. "Huyo ni Kirimi!" Vigelegele vikafunika kipaza sauti.

Kailemia alikuwa amesema mwenyewe kwamba atalirudisha, na waliomsikia mazishini walikuwa wamekaa pale. Akavuka uwanja, akamkabidhi Ntinyari gitaa lako. Halafu akamwinamia Celina.

"Mama, tuyaache hapa hapa. Nina harusi Embu, nina nyingine Ishiara. Tusitangaze."

"Nimesikia," Celina akamwambia.

Hakusema amekubali.

Ndiyo sababu kumbukumbu hii tumeileta kwenye gazeti linalosomwa Embu na Ishiara. Enyi wenye harusi, kijana huyo ana skeli moja, na bluzi alifundishwa na Kirimi wa Ruiri, akashindwa kuimaliza. Jumamosi hii tutakuombea nyumbani, Ntinyari apige. Kailemia tumemwekea kiti mbele.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mkeo Celina, mwanao Mukiri na mkewe Njoki, binti yako Gatakaa na mjukuu wako Ntinyari. Hutatutoka moyoni daima, Baba Mukiri. Kailemia naye hutamtoka.