Kadi Namba Moja

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Zeyana Hilali Nasor. Umri: miaka 34. Dini: Muislamu. Kazi: fundi wa mitandao, Kampuni ya Mkondo. Makazi: Kanyenye, Tabora.

Nimefika kituoni bila kuitwa. Nimeonywa kwamba nitakayosema yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimeelewa.

Mnamo Jumanne, tarehe 21/05/2024, saa 4:05 asubuhi, nilikuwa kwenye chumba cha mitambo na fundi mwenzangu Dionis. Mtambo unaopitisha simu za kata kadhaa unaongozwa na kadi mbili za kielektroniki, moja juu na nyingine chini. Moja ikifa, nyingine inabeba kazi yote. Moja ilikufa Jumamosi, na mpya ilikuwa imeshafika kutoka Dar.

Tulipanga kuibadilisha Jumapili iliyofuata alfajiri, wapigaji wakiwa wachache. Msimamizi wetu, Bwana Octavian, alitaka ibadilishwe pale pale. Dionis alimwambia, "Tusubiri, bosi." Akajibu, "Kubadili kadi ni dakika tano," akaondoka.

Dionis alisoma kwenye kompyuta, akaniambia, "Mbovu ni namba moja, dada Zeyana." Mtambo ule huhesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo kadi ya juu ni sifuri na namba moja ni ya chini. Najua hilo, nina miaka tisa kazini. Nilichomoa ya juu. Taa yake ilikuwa ya kijani, maana yake ni nzima. Sikuiangalia.

Saa 4:12 mawasiliano yalikatika. Tulichukua dakika hamsini na moja kuyarudisha.

Muda huo, kwenye zahanati moja upande wa Ntalikwa, mama aitwaye Advera alikuwa amejifungua na anatoka damu. Sikumfahamu. Tarehe 23 nilikwenda mazikoni. Nilikaa mkekani na wanawake, hakuna aliyenijua. Muuguzi Getruda alisema, "Nilipigia gari la wagonjwa mara kumi na moja. Nikadhani simu yangu ndiyo mbovu." Mume wa marehemu, Festo, alikwenda mjini kwa baiskeli kutafuta gari. Aliporudi nalo mkewe alikuwa amekwisha funikwa. Mtoto yu hai, ni wa kike. Nilisema pole tu.

Jioni ile Bwana Octavian alinipigia. Alisema, "Dionis yuko mahabusu. Nimewaeleza polisi amehujumu mtambo. Wewe nyamaza. Una watoto wawili, yeye hana."

Nikanyamaza.

Jana mama yake Dionis, Bi Yustina, alitembea kutoka mtaa wa Ng'ambo hadi kwangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakataa kuketi. Alisema, "Mwanangu anawaambia hakumbuki nani aliishika kadi. Wewe ulikuwepo, mwanangu. Nani?" Dionis anakumbuka. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu.

Sikumjibu mama yule. Najibu hapa. Ni mimi, na hakuna aliyehujumu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda kwa mkono wangu.

Sahihi: Z. H. Nasor, 26/05/2024

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi, hakutaka kubadili neno. Saa 8:40 mchana nilimruhusu aende nyumbani asubiri wito. Hajaondoka. Amekaa benchi la mapokezi, anasema anasubiri Dionis atolewe ili aingie yeye. — Koplo Fikiri