Miche Mifupi ya Bi Kheri

Mama Zuhura, mpenzi,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba mumeo amekula urojo wa Michenzani, na shati jeupe ulilolipiga pasi ndilo shahidi.

Mengine yamenipandisha presha. Kile kishamba changu cha majaribio huku Bububu unakijua: mikarafuu michanga, kila mstari watoto wa mti mama mmoja, tupime uzao upi unakua haraka na upi unasuasua. Leo nimefika na wageni wa ofisini, nakuta miche yote imelingana kama askari wa gwaride! Bi Kheri, mtunza shamba, anatabasamu.

"Vile vifupi nshaving'oa, bwana. Vikitia aibu. Nimejaza virefu vya kitaluni."

"Hivyo vifupi ndivyo nilivyokuja kupima!"

"Kha! Na ufupi nao hupimwa?"

Nilifoka mpaka kipara kikatoka jasho. Miaka miwili ya vipimo imepotea. Hakuna tena ajuaye mche upi ni mtoto wa mti upi.

Nibusie watoto, nawe usile umesimama jikoni.

Ukweli wenyewe ni huu. Juzi nilimpigia simu Bi Kheri nikamwambia wageni wanakuja, sitaki waone mche uliodumaa. Alinitii. Nami nikamfokea mbele ya wageni haohao, kumbe aliyestahili kufokewa ni mimi. Kesho nakwenda kumwomba radhi, na wageni nawachukua wasikie.

Wako,
Baba Zuhura