Mfuko wa Baba

Isipingo, 4 Mei 2024

Mwanangu Gadiel,

Baridi ya Brest imepungua? Mimi mzima, ila goti. Unasema kwenye ibada ya mwaka wa marehemu baba yako hutaleta zumari, maana wa kukujibu kwa zumari ya mfuko hayupo. Basi nimeitoa kabatini ile biniou yake uliyomletea. Mfuko wa ngozi ulinuka, nikaufua kwa sabuni ya unga. Sasa nikipuliza, hewa inatoka kila mahali. Bernadette ameuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mama Gadiel, huko iko mbuzi?"

Nifundishe.

Mama yako

Brest, 19 Mei

Shikamoo mama,

Pole na goti. Mimi sijambo. Ngozi ile haifuliwi. Harufu uliyoitoa ilikuwa ya dawa ya kuziba matundu, na pumzi za baba. Niliumia kwanza, kisha nikacheka.

Pasha moto asali na glisirini, mimina ndani, kanda, ning'iniza. Halafu puliza mpaka mfuko ushibe. Unapovuta pumzi, kiwiko kibane, wimbo usikatike. Lakini usijichoshe. Zumari nimeshaifungia.

Mwanao

Isipingo, 28 Julai

Gadiel mwanangu,

Goti limepoa, na mfuko hauvuji. Nilikuwa naubana mno, sauti ikiruka. Nikakumbuka baba yako alivyombeba kuku wa Krismasi kwapani tangu stendi ya teksi: hakumwumiza, wala hakumwachia. Nimebana hivyohivyo. Mrija wa begani unaunguruma bila kukatika. Bernadette anasema, "Eish, mbuzi amepona."

Njoo na zumari.

Mama yako

Brest, 6 Oktoba

Shikamoo mama,

Nimefika salama. Ukumbi wa ibada kule Cato Manor bado uko masikioni mwangu. Nilipiga mstari wa kwanza, nikaishusha zumari, kama desturi, ili biniou irudie peke yake. Hapo ndipo nilipoogopa kimya. Hakikuja. Ulinidaka kabla sauti yangu haijaisha, kama baba, ukaurudia mstari wote kwa ile sauti kali ya juu, macho umefumba. Watu waliokuja kulia wakashikana mikono, wakacheza. Mwishowe midomo yangu ndiyo iliyokufa ganzi, nawe ukauliza, "Umechoka?"

Jumamosi nimealikwa kupiga harusini hapa. Nimekubali. Mpiga biniou wao nimemwonya: nimezoea kujibiwa upesi.

Mwanao